Barua kwa Mhariri: Masterda si dada wa mtu

Mhariri, salaam aleikum na pole na kazi.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya Jumapili, ile ya Gandhi, yule kiongozi wa kudai uhuru wa India, alivyokwenda pwani kuokota chumvi ili kuivunja sheria ya Mwingereza. Makala nzuri, sina ugomvi na aliyeiandika, ila pale mwisho kaweka kwamba watu wa India walipata uhuru wao bila kufyatua hata risasi moja, hapo ndo nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Mie ni mtu wa Unguja, niko Muscat mwaka wa kumi na moja sasa, nauza spea za magari hapa Ruwi, na meza ya pili kakaa mzee mmoja Mbangladeshi, mtu wa Chittagong, mji wa bandari ambao zamani zile ulikuwa ndani ya India ya Mwingereza. Wabangladeshi wa hapa Oman wengi wao ni wa Chittagong huko huko, siku za Ijumaa jioni ukipita Ruwi hupati pa kuweka mguu. Basi yule mzee nikamtafsiria sentensi yenu, Kiarabu changu cha dukani kidogo, Kihindi chake cha filamu kidogo, akanyamaza. Akafuta mikono yake grisi kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, alafu akachukua simu akanitolea picha ya mtu mmoja mwembamba kavaa kiheshima, ukimuona utasema karani wa mahakama. Akasema neno moja tu, Masterda.

Mie nikasikia "master dada", nikamuuliza mbona huyu mwanamme? Tukachekana wee. Kumbe kwa Wabengali wa Kihindu dada ni kaka mkubwa, na kwa Wabengali wa Kiislamu kama yeye dada ni babu mzaa baba, yaani neno moja, kwetu ni wa kike, kwao ni wa kiume, tena mara kaka mara babu. Na "da" ya mwisho ndo ufupisho wake. Kwa hivo Masterda maana yake kaka mwalimu, kaka mkubwa anayefundisha. Jina lake khasa Surya Sen, kazaliwa 1894 kijiji cha Noapara, Chittagong, akasoma mpaka akapata digrii, akarudi kwao kusomesha hesabu shule ya mjini. Hilo ndo lililonifanya nishike simu kuandika barua hii, manake baba yangu mimi alikuwa mwalimu wa hesabu na mtu niliyemuogopa kuliko wote duniani, ila sikuwahi kufikiria kwamba mwalimu wa hesabu anaweza kuchukua wanafunzi wake akaenda nao kuvamia ghala la silaha la dola kubwa kuliko zote wakati ule.

Sasa mhariri sikiliza tarehe, manake hapa ndo makala yenu imeteleza. Gandhi kaokota chumvi pale Dandi tarehe 6 Aprili 1930. Masterda na vijana wake wameipiga Chittagong tarehe 18 Aprili 1930. Siku kumi na mbili tu! Mwaka ule ule, mwezi ule ule, pwani ya magharibi mzee anachota chumvi na pwani ya mashariki mwalimu anagawa bastola. Na si kwamba hawa walikuwa chama chengine kabisa, Masterda mwenyewe mwaka wa 1929 alikuwa katibu wa Congress wa wilaya ya Chittagong, chama kile kile cha Gandhi. Na Gandhi alipowaita watu kususia Waingereza mwanzoni mwa miaka ya ishirini, Masterda na wenzake waliitikia, wakaambiwa uhuru uko ndani ya mwaka mmoja, wakangoja. Februari 1922 raia wakachoma kituo cha polisi Chauri Chaura, polisi wakafia ndani, Gandhi akasimamisha harakati zote nchi nzima. Vijana wa Bengal, lile jimbo lenye Chittagong, wakabaki mdomo wazi. Kwao siasa ya bomu na bastola ilikuwepo tangu Mwingereza alipoikata Bengal vipande viwili mwaka 1905, vile vikundi vya Anushilan na Jugantar kila mtu alivijua, kwa hivo waliporudi huko hawakuanza kitu kipya. Masterda akafungwa 1926 mpaka 1928, katoka kaendelea.

Ule usiku wenyewe nao ni hadithi. Ilikuwa Ijumaa Kuu, ile ya Wakristo, na hawakuichagua kwa bahati mbaya. Waayalandi mwaka 1916 waliwainukia Waingereza siku za Pasaka, na hawa watu wa Chittagong waliwapenda sana Waayalandi mpaka jeshi lao wakaliita Indian Republican Army, kwa kuiga. Watu kama sitini na kitu hivi, wengi ni vijana wa shule na vyuo, wamejigawa makundi. Saa nne usiku kundi moja linaingia ghala la polisi, Ganesh Ghosh ndo kiongozi. Jengine chini ya Lokenath Bal linaingia ghala la wale askari wa akiba wa kizungu. Jengine na Ambika Chakrabarty linakwenda kuvunja ofisi ya simu na telegrafu, na wengine wako mbali huko wanang'oa reli ili treni ya askari isije. Kundi la mwisho lilipewa klabu ya Wazungu. Hilo likarudi mikono mitupu, klabu tupu, Ijumaa Kuu watu wamekwenda makwao mapema. Yaani siku waliyoichagua kwa ajili ya Pasaka ya Waayalandi ndo hiyo hiyo iliyowaharibia.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni hili, na yule mzee alipokuwa akinihadithia alipiga meza. Ghala la wale askari wa akiba wamelivunja, wamekuta bunduki za kisasa, wamekuta bombomu za Lewis, mali safi, kila kitu kipo, risasi hakuna! Risasi zilikuwa zimewekwa kwengine. Watu wamepanga miezi, wamekusanya pesa mpaka dhahabu za mama zao majumbani, wamechora ramani, alafu wanasimama mbele ya bombomu ambayo haina cha kupiga. Sisi wauza spea tunajua uchungu wake kidogo, umempata mtu gari, umempata injini, kifaa kimoja cha riyali mbili hakipo mjini. Wakazipiga moto wakaondoka na zile bunduki za zamani za polisi.

Hata hivo kwa saa chache mji ulikuwa hauna simu, hauna telegrafu, hauna treni, na Wazungu wamekimbilia bandarini kwenye meli. Pale kwenye ghala la polisi Masterda akapigiwa saluti na vijana wake, bendera ikapandishwa, akatangaza serikali ya muda ya mapinduzi. Mwalimu wa hesabu rais wa jamhuri ya usiku mmoja. Kama kuna mtu atasema huo ni mchezo wa watoto basi aseme, ila mie najiuliza, Mwingereza mwenyewe aliwachukulia kama watoto? Hakuwachukulia.

Alafu ikaja ajali. Kijana mmoja, Himangshu Sen, wakati wa kulitia moto lile ghala la polisi petroli ikamshika, akaungua vibaya. Ganesh Ghosh na Ananta Singh, ambao ndo walikuwa mikono miwili ya Masterda, wakamtia kwenye gari wakamkimbiza mjini apate matibabu. Hawakuweza tena kurudi kuungana na kundi. Hapo tu, kwa kumuonea huruma rafiki aliyeungua, jeshi likakatika kichwa na mikono. Kitabu cha vita nadhani kingesema muache. Sijui nani angeweza kumuacha.

Waliobaki wakapanda milimani, njaa, kiu, jua la Aprili, na tarehe 22 jioni askari wakawafikia kwenye kilima cha Jalalabad. Wao wako juu na bunduki za polisi, chini kuna jeshi lina bombomu, na hizo zina risasi. Walipigana mpaka giza likaingia na jeshi likarudi nyuma. Upande wa vijana walikufa kumi na mbili. Mmoja wao anaitwa Harigopal Bal, wenyewe wakimwita Tegra, mtoto wa shule kabisa, na aliyekuwa akiamuru vita pale juu ni kaka yake wa damu, Lokenath. Mzee wangu alipofika hapa hakusema zaidi, na mie sikumuuliza.

Baada ya hapo Masterda akawaambia watawanyike, sasa ikawa vita ya kujificha. Miaka mitatu kasoro miezi! Mtu anatafutwa na polisi wa Bengal nzima, kichwa chake kimewekewa rupia 10,000, na anakaa mule mule wilayani kwao, kijiji kwa kijiji, leo kwa Mhindu kesho kwa Muislamu, mara mkulima, mara kuhani. Mwenzangu anasema bibi zao walikuwa wakisimulia nani alimpikia wali. Hilo siwezi kulithibitisha manake Chittagong nadhani kila bibi alimpikia wali Masterda, kama vile kwetu kila mzee alikuwepo siku ya Mapinduzi. Ila kwamba wanakijiji walimficha hilo halina ubishi, na walilipa. Juni 1932 kule Dhalghat nyumba ya mama mmoja mjane ilizingirwa usiku, akafa kapteni wa Kiingereza aitwaye Cameron, wakafa wenzake wawili Masterda, yeye akaponyoka, yule mama akaishia jela.

Mhariri mie sitaki ufikiri naleta malaika hapa. Agosti 1931 kijana wao mmoja, mtoto tu, alimpiga risasi inspekta wa polisi Ahsanullah kwenye uwanja wa mpira, mechi imekwisha watu wanashangilia. Inspekta alikuwa Muislamu na muuaji Mhindu, na baada ya hapo maduka na nyumba za Wahindu mjini zikaporwa huku polisi wengine wanaangalia na wengine wanashiriki. Ahsanullah alikuwa katili kwa wafungwa, wanasema. Lakini risasi ile ilifungua mlango ambao haukufungika tena vizuri, na vikundi hivi karibu wote walikuwa Wahindu, viapo vyao mbele ya miungu yao, Muislamu angeingiaje? Hili nilimuuliza mzee moja kwa moja. Akasema kweli. Akanywa chai. Akasema lakini sisi watoto wa Kiislamu pia tulisomeshwa jina lake, na wewe utapendaje mtu mpaka asiwe na kosa?

Na sasa nifike kwa Pritilata, manake huyu ndo dada wa Kiswahili. Pritilata Waddedar, kazaliwa 1911, msichana wa Chittagong, kasoma Dhaka kasoma Calcutta, falsafa, kafaulu vizuri, digrii yake Waingereza wakaizuia. Akiwa Calcutta kulikuwa na mwenzao mmoja jela ya Alipore anangoja kunyongwa, Ramkrishna Biswas, na hakuna mtu wa kwenda kumtazama. Msichana akajiandikisha pale getini kuwa ni dada yake, akawa anakwenda. Mara arubaini hivi. Mara arubaini mhariri, kila mara anaandika uongo ule ule kwenye daftari la askari, anakaa na mtu asiye ndugu yake anamsikiliza mpaka siku alipokwisha kunyongwa. Mie nikimfikiria Pritilata siyo ile bastola naiona, naona lile daftari la getini.

Akarudi Chittagong, akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwalimu mwengine huyo. Na Masterda akampa kazi ile iliyoshindikana 1930, klabu ya Wazungu, sasa ile ya Pahartali, ambayo inasemwa mlangoni iliandikwa mbwa na Wahindi hawaruhusiwi. Kalpana Datta, msichana mwenzake, alikamatwa wiki moja kabla kavaa nguo za kiume, ikabidi Pritilata aongoze peke yake, naye kajivisha mwanamme wa Kipunjabi. Septemba 1932, usiku, watu ndani wanacheza. Waliingia wakapiga, mwanamke mmoja wa kizungu akafa na wengine wakaumia. Pritilata akapata jeraha la risasi, akawaondoa vijana wake wote, alafu akameza sianidi asikamatwe hai. Miaka ishirini na moja. Yule mwanamke aliyekufa mle ndani naye alikuwa mtu, alikuja kucheza tu, hilo halinitoki kichwani na sitaki linitoke. Digrii yake Pritilata Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa mwaka 2012, yeye na mwenzake Bina Das. Miaka themanini karatasi iko kabatini.

Masterda alikamatwa Februari 1933 kijiji cha Gairala. Aliyemuuza ni mtu mmoja aitwaye Netra Sen, inavyosemwa kwa tamaa ya zile rupia 10,000. Pesa hakuzila. Inavyosimuliwa alikuwa kakaa chini anakula, mkewe anampakulia, mtu kaingia na panga, kichwa kikaanguka pale pale penye chakula. Polisi wakamhoji yule mke, umemuona? Nimemuona. Nani? Akakataa. Mpaka mwisho alikataa kusema jina. Mume wake kafa mbele yake na sahani, na bado hakutoa jina, sasa mwenye kutaka kujua watu wa Chittagong walimchukuliaje Masterda nadhani hapo kashapata jibu kuliko kwenye sanamu.

Kesi ikaamuliwa Agosti, yeye na Tarakeswar Dastidar kunyongwa, Kalpana kifungo cha maisha. Tarehe 12 Januari 1934 wakanyongwa jela ya Chittagong. Wenyewe wanasimulia kwamba kabla ya kitanzi alipigwa nyundo meno yakavunjika, kucha zikang'olewa, akapelekwa kwenye kamba hana fahamu, na maiti hawakupewa ndugu, ilitupwa Ghuba ya Bengal. Kaburi hana. Kuna barua yake ya mwisho aliyowaandikia wenzake, anasema kifo kinabisha hodi mlangoni na kitu kimoja tu anawaachia, ndoto yake, ndoto ya dhahabu, India huru, na anawaomba wasiisahau tarehe 18 Aprili.

Na hii India huru ilipokuja 1947 Chittagong haikuwemo! Ilikatwa ikapewa Pakistan. Alafu 1971 Chittagong hiyo hiyo, redio ya Kalurghat, ndo ikatangaza uhuru wa Bangladesh. Chuo Kikuu cha Dhaka kilikuwa na bweni linaitwa Jinnah, jina la mwasisi wa Pakistan, wakalibadilisha jina likawa la Surya Sen, na Calcutta, upande wa India, kuna stesheni ya metro ina jina lake pia, kwa hivo nchi mbili zinamdai. Mzee wangu hajali hayo, yeye anadai ni wa mtaa wao basi.

Jambo moja la pembeni nimalizie nalo, alinionesha video ya makaburi ya vita ya Chittagong, ya vita vikuu vya pili, majani yamekatwa vizuri, na mule wamelazwa askari wa Afrika Mashariki, watu wetu waliopelekwa kumpigania Mwingereza Burma. Sikuwa najua. Miaka kumi tu baada ya Masterda. Nikamwambia akienda likizo anipigie picha ya majina.

Ombi langu mhariri ni dogo, ile sentensi ya risasi moja isahihisheni. Na kama barua hii mtaichapa, yule bwana wenu wa kusahihisha asije akadhani nimekosea akanitilia "Master Dada", neno ni Masterda, moja, halina nafasi katikati, manake mzee ataniomba nimsomee na ataangalia hapo kwanza.

Msomaji wenu,
Ruwi, Muscat